Mlio Mgeni Baada ya Matengenezo ya Nyumbani: Namna ya Kuutafuta Kabla Pikipiki Haijapakia Abiria

Matengenezo madogo ya pikipiki yamekuwa kazi ya kawaida ya nyumbani katika kata nyingi. Jumapili alasiri, chini ya mwembe au barazani, mwenye pikipiki humwaga oili chafu, hukaza cheni, husafisha plagi na kurekebisha breki ya nyuma. Utaratibu huo ni mzuri, kwa kuwa humpunguzia gharama na kumfanya akijue chombo chake. Tatizo hujitokeza Jumatatu asubuhi, pale pikipiki iliyokuwa kimya Jumamosi inapoanza kutoa mlio ambao haukuwapo.

Madereva wengi wakifikwa na hali hiyo hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaoendelea na kazi wakiamini kwamba vipuri "vitazoeana" vyenyewe. Wapo pia wanaokimbilia kwa fundi na kumwambia tu kwamba "injini inagonga", kauli inayoweza kusababisha injini nzima kufunguliwa kwa kosa la nati moja ya gurudumu. Njia hizo zote mbili zina hasara, na ya kwanza ina hatari kubwa zaidi kwa sababu nyuma ya dereva hukaa abiria asiyejua lolote kuhusu kazi iliyofanyika jana yake.

Ichukuliwe kwa mfano pikipiki ya CC 150 ya bodaboda ambayo dereva wake amefanya kazi zote nne zilizotajwa hapo juu. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, akiwa anaelekea kijiweni, anasikia "ko... ko... ko..." kutoka nyuma, na kila anapokanyaga breki mlio huo hugeuka kuwa kishindo kimoja kizito. Anaegesha pembeni kabla ya kufika kijiweni. Aanzie wapi?

Aanzie pale mkono ulipogusa mara ya mwisho. Pikipiki inaweza kuharibika siku yoyote, lakini sauti inayozaliwa saa chache baada ya matengenezo mara nyingi hutokana na matengenezo yenyewe: kitu kimelegea, kimekazwa kupita kiasi, kimerudishwa kinyume au hakikurudishwa kabisa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kushika spana, dereva na akumbuke kwa mpangilio kila alichofungua. Anayeandika orodha hiyo kwenye daftari wakati wa kazi hujisaidia sana. Aidha, nati au washa iliyobaki sakafuni baada ya kazi si ziada; kuna mahali inakosekana.

Hatua ya pili ni kutenganisha sauti ya injini na sauti ya magurudumu. Pikipiki ikiwa imesimama na haina gia, injini iwashwe na kuongezwa mafuta taratibu. Mlio ukisikika na kuongezeka kasi pamoja na injini, chanzo kimo kwenye injini au kwenye bomba la moshi. Usiposikika, injini izimwe, pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati, na gurudumu la nyuma lizungushwe kwa mkono. Kisha gurudumu la mbele liinuliwe na kuzungushwa vivyo hivyo. Katika ukimya huo mtu husikia mengi ambayo barabarani humezwa na injini. Ni mwiko kukagua cheni kwa kuwasha injini na kuingiza gia huku vidole vikiwa karibu. Cheni na sproketi hukata kidole kabla mtu hajawahi kuutoa mkono.

Gurudumu linapozunguka, mizunguko ihesabiwe. Mlio unaojirudia mara moja kwa kila mzunguko hutokana na kitu kilicho kwenye gurudumu lenyewe, kama vile ngoma ya breki, spoki au sproketi kubwa. Mlio unaorudi baada ya mizunguko kadhaa huelekeza kwenye cheni. Ikiwa cheni ina pingili 120 na sproketi ya nyuma ina meno 40, pingili moja yenye kutu hupita mahali pale pale kila gurudumu linapokamilisha mizunguko 3. Hesabu hiyo ndogo humwepusha mtu kufungua breki isiyo na kosa.

Cheni, kwa hakika, ndiyo mtuhumiwa wa kawaida kuliko wote, na kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuikaza mno. Wengi huamini kuwa cheni iliyonyooka kama waya ndiyo salama. Pikipiki nyingi ndogo huhitaji cheni icheze juu na chini takribani milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wake wa chini, ingawa kipimo cha kufuatwa ni kile kilichoandikwa kwenye kijitabu cha pikipiki husika. Nafasi hiyo ina sababu. Dereva na abiria wanapopanda, shokabu hubonyea na cheni hukazika zaidi ya ilivyokuwa stendi. Cheni isiyo na nafasi huvuma kama mashine ya kusaga kadiri mwendo unavyoongezeka, na huvuta beringi ya shafti ya gia hadi iharibike. Hapo tena ni kweli kwamba injini itafunguliwa. Cheni iliyolegea nayo hupigapiga kwenye kava lake, hasa mafuta yanapoachiwa ghafla, na huweza kuruka kutoka kwenye sproketi. Kwa kuwa cheni iliyotumika hailegei sawasawa, gurudumu lizungushwe na kipimo kichukuliwe pale ilipokaza zaidi.

Baada ya kipimo hicho, alama za marekebisho za upande wa kulia na wa kushoto zilinganishwe. Zikipishana, gurudumu limekaa upande, na cheni husaga ubavu wa meno kwa mlio wa kukwaruza. Kwa cheni yenye klipu, upande wa klipu uliofungika uelekee kule cheni inakokwenda. Klipu iliyowekwa kinyume inaweza kung'olewa na kitu kidogo tu kinachoikwaruza.

Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai kupakwa kwenye cheni, ingawa desturi hiyo imeenea. Oili hiyo hubeba chembe za chuma na masizi, na kazi yake kwenye cheni ni kusaga badala ya kulainisha. Haifai pia kumwagwa mtaroni wala karibu na kisima. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko hadi ikabidhiwe kwa wanaokusanya oili chafu.

Liko jambo ambalo wakazaji wengi wa cheni hulisahau, nalo ndilo linalohitaji uangalifu kuliko yote. Cheni inapokazwa, gurudumu la nyuma husogezwa nyuma, na kwa pikipiki zenye breki ya ngoma inayovutwa kwa fito, fito hiyo nayo huvutika. Breki huanza kushika bila kukanyagwa. Dalili zake ni msuguo mwembamba wa mfululizo, pikipiki kuwa nzito inaposukumwa, na ngoma kupata joto kali baada ya mwendo mfupi. Hivyo basi, kila cheni inaporekebishwa, breki ya nyuma nayo irekebishwe, na taa ya breki ikaguliwe kama bado inawaka kwa wakati wake.

Pembeni mwa ngoma kuna bamba linalobeba breki shuu, na bamba hilo hushikiliwa na chuma kirefu chembamba kilichofungwa kwenye fremu au kwenye uma wa nyuma. Kazi ya chuma hicho ni moja tu, yaani kulizuia bamba lisizunguke pamoja na gurudumu dereva anapofunga breki. Nati yake hulegezwa wakati gurudumu linaposogezwa au kutolewa, na kwa kuwa iko chini na imejificha, ni rahisi kuiacha ikiwa imekazwa kwa vidole tu. Chuma hicho kikichomoka, bamba huzunguka, fito ya breki hukatika au kujiviringisha, na gurudumu huweza kugoma ghafla pikipiki ikiwa mwendoni. Nati hiyo ikazwe kwa spana na kufungwa kwa kotapini, ile pini inayopindwa ncha ili nati isitoke. Kotapini iliyokwisha kukunjwa na kunyooshwa mara kadhaa itupwe na kununuliwa mpya. Nati ya ekseli ya nyuma nayo ikaguliwe hapo hapo.

Kwa upande wa injini, sauti baada ya kubadilisha oili huanza na swali la kiasi. Injini nyingi za CC 125 hadi 150 huchukua karibu lita 1, na kiasi hakibashiriwi kwa chupa. Pikipiki iwe wima mahali tambarare, na kipimo kisomwe kwa kijiti au kioo chake kama kijitabu kinavyoelekeza. Oili ikipungua, sehemu za juu za injini hutoa mlio mkavu wa "tiki-tiki-tiki", na kuendelea kuendesha ni kuila injini ikiwa hai. Aina ya oili nayo ina uzito, kwa kuwa katika pikipiki nyingi klachi huogelea kwenye oili ile ile ya injini. Oili ya gari yenye viongezi vya kupunguza msuguo huweza kuifanya klachi iteleze, hivyo kwenye chupa itafutwe alama ya JASO MA.

Plagi iliyofungwa bila kukazwa vyema hutoa pumzi ya "chafu-chafu" inayofuatana na mapigo ya injini. Irudishwe injini ikiwa baridi, ianze kuzungushwa kwa vidole hadi ifike mwisho, ndipo spana itumike kwa kiasi. Anayeanza kwa spana huweza kuharibu njia ya nyuzi kwenye kichwa cha injini, na ukarabati wake ni ghali. Mlio mkali wa kupasuka karibu na kichwa cha injini, baada ya bomba la moshi kufunguliwa, kwa kawaida ni gasketi iliyochoka au nati zisizokazwa sawa.

Kuhusu tapeti, ipo imani potofu kwamba injini njema ni ile isiyosikika kabisa. Nafasi ya valvu ni ndogo sana, kwa pikipiki nyingi za ukubwa huo kati ya milimita 0.05 na 0.10 injini ikiwa baridi, na mlio hafifu wa tapeti ni wa kawaida. Aliyezikaza hadi zikanyamaza amezuia valvu zisifunge vizuri; zitaungua, na pikipiki itakosa nguvu ya kupanda mlima. Asiye na kipimo cha bapa cha kupimia nafasi hiyo hana sababu ya kuzigusa.

Sauti moja haifanyiwi uchunguzi wa nyumbani. Mgongo mzito kutoka chini ya injini, unaozidi pikipiki inapobeba mzigo, unataka injini izimwe mara moja na pikipiki isukumwe hadi kwa fundi. Huko, maelezo yenye manufaa ni ya kina: kazi gani ilifanyika na lini, sauti ilianza baada ya mwendo gani, inafuata injini au gurudumu, na inabadilika vipi klachi inapovutwa.

Suala hili linavigusa kwa karibu vikundi vilivyonunua pikipiki kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hutengwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Pikipiki ya kikundi ikisimama, marejesho ya wanachama wote huyumba. Kikundi chenye daftari moja la matengenezo, linaloandikwa na kila anayeshika spana, hupunguza pia ugomvi wa nani alifungua nini.

Dereva wa mfano uliotangulia hakuhitaji fundi. Injini ilinguruma vizuri pikipiki ikiwa imesimama, kwa hiyo aliizima na kuzungusha gurudumu la nyuma: mlio ulirudi mara moja kwa kila mzunguko, na bamba la breki lilicheza alipolishika. Nati ya chuma kinachoshikilia bamba ilikuwa imebaki nyuzi mbili tu. Kotapini yake aliikuta nyumbani, ndani ya kifuniko cha dumu alimowekea vipuri. Aliikaza nati kwa spana, akafunga kotapini mpya, kisha akaendesha peke yake kwenye njia isiyo na watu na kufunga breki mara tatu, kila mara kwa mwendo mkubwa kidogo kuliko wa kwanza. Gurudumu liliponyamaza mara zote tatu, ndipo alipokwenda kijiweni.