Kushuka Lyamba lya Mfipa: Hesabu Maji Kwanza

Atakayekwambia Ufipa hauna shida ya maji hajashuka Lyamba lya Mfipa, ukingo wa kuingia Bonde la Rukwa, kwa miguu mwezi wa kumi. Sumbawanga mjini, kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unaamka na sweta na chupa moja inakufikisha mchana. Bonde la Ziwa Rukwa liko karibu mita 1,000 chini yake, na joto la huko halina utani. Beba lita nne kila mtu, hata wakikucheka stendi.

Ukiliona ziwa likimetameta usijipe moyo. Halina mto unaotoka, maji yake yana magadi, na mamba wamo. Klorini huua vijidudu, haiondoi magadi. Ukichemsha ndiyo yanazidi kukolea. Maji ya mito nayo yatibu: kipindupindu kimelipiga bonde hili zaidi ya mara moja.

Kinachonikera mimi ni bodaboda wa kupeleka maji mbele. Unalipa yote mjini, anashusha dumu pale alipochokea yeye, ukimpigia hapatikani. Patana nauli mbali, maji mbali, na nusu ya hela ibaki mpaka dumu ulione. Kuna pia waongozaji wanaotoza “hela ya maji”, kisha wanachota mtoni bure.

Kuficha madumu porini sikushauri. Kiangazi nyasi huchomwa, plastiki haisalimiki. Dumu lisipoungua atalikuta mchunga ng’ombe, naye ana kiu kama wewe. Afadhali upige hodi kwa balozi au kwa mama ntilie, usalimie vizuri, uache dumu na kitu kidogo.

Ukifika kijijini ulizia kilula, yaani bomba la jamii, kabla ya wali, na uulize kama kinatoa leo, maana bomba kuwepo na maji kuwepo ni habari mbili. Lipa ndoo kama wenyeji. Tangu RUWASA, wakala wa maji vijijini, ianze mwaka 2019, miradi mingi ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watumia maji, na hela ya ndoo ndiyo inayotengeneza koki.

Wapo watakaokusukuma uende maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Maporomoko yanazidi mita 200, sawa, lakini Oktoba utalipia gari uone uzi wa maji. Nenda Aprili au acha. Lyamba lishuke Juni: vijito bado vinatiririka na njia imeshakauka.