Kongowea Ukingoni mwa Tana: Kutathmini Kazi Bunifu za Wanafunzi wa Upili Zitokanazo na Riwaya ya Siku Njema

Utangulizi

Chini ya mfumo wa 8-4-4, mtahiniwa wa karatasi ya tatu ya Kiswahili huonyesha ujuzi wake wa riwaya kwa njia moja tu, nayo ni kuandika majibu kuhusu maudhui, wahusika na mbinu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 na kufika Gredi ya 10 Januari 2026, unataka zaidi ya hayo. Mwalimu anatarajiwa kutathmini pia kile mwanafunzi anachokibuni: igizo, shairi, barua ya mhusika, ramani ya safari, hata sauti iliyorekodiwa kwa simu. Kisha aipange kazi hiyo katika mojawapo ya viwango vinne, kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali na matarajio. Swali ambalo miongozo hulipita upesi ni hili: matarajio hayo ni ya nani?

Makala haya yanadhamiria kulijadili swali hilo kwa kurejelea Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki, ambako wanafunzi wengi huja darasani na fasihi nyingine kamili vichwani mwao. Riwaya tuliyoichagua ni Siku Njema ya Ken Walibora (Longhorn, 1996), ambayo iliwahi kuwa kitabu teule cha kidato cha nne na ambayo, hata baada ya mwandishi wake kufariki Aprili 2020, ingali inasomwa sana shuleni.

Kijana asiye na abtirsi

Kisa cha Siku Njema kinafahamika. Kongowea Mswahili, mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafiwa na mama na hatimaye anafunga safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Mwanafunzi wa Kiambu au Kisii aghalabu hukisoma kisa hiki kama hadithi ya yatima aliyefaulu. Msomaji wa Kisomali anaweza kukisoma vingine. Katika jamii yake mtoto hufundishwa abtirsi, yaani kuwataja mababu zake mmoja baada ya mwingine, baba, babu, baba wa babu, mpaka afike kwa mwasisi wa ukoo. Kwake yeye, kijana asiyeweza kulitaja hata jina la pili amepungukiwa na jambo kubwa kuliko malezi. Hana pa kusimama anapoulizwa yeye ni nani.

Tuchukulie basi kwamba mwanafunzi ameleta kazi ya ukurasa mmoja. Ni abtirsi ya Kongowea. Inaanza kwa fahari, kama zianzavyo abtirsi zote, inasita baada ya jina la kwanza, inajaribu tena, na mwishowe inageuka na kuanza kutaja upande wa mama. Hakuna muhtasari wa kisa wala orodha ya maudhui. Mwalimu mwenye haraka ataiandikia "kazi haijakamilika." Kwa maoni yangu, huyo amefika kwenye kiini cha riwaya kuliko mwenzake aliyechora bango la rangi tano lenye sifa za wahusika zilizonakiliwa kutoka kwenye mwongozo wa dukani. Hatua ya kugeukia upande wa mama ni ufasiri wa kihakiki hasa, kwa kuwa abtirsi huhesabiwa kwa upande wa baba. Mwanafunzi ameivunja kanuni ya kwao ili aseme jambo kuhusu Zainabu Makame.

Shairi lisilo na vina

Tatizo kubwa zaidi hujitokeza katika ushairi. Tutazame mishororo hii miwili, ambayo tumeitunga kwa ajili ya mjadala huu kwa mfano wa kazi za wanafunzi:

Kongowea kakimbia, kiu ya kizazi chake,
Kilimani kakazana, kovu lake kakumbata.

Mizani imetimia, minane kwa minane. Vina havipo, si vya kati wala vya mwisho. Mwalimu aliyelelewa na arudhi za Kiswahili ataona kasoro mara moja. Lakini na atazame tena: takribani kila neno linaanza kwa sauti "k". Huo si usadifu. Katika gabay, utanzu mkuu wa ushairi wa Kisomali, sauti moja huteuliwa mwanzoni na lazima isikike katika kila mshororo hadi mwisho wa shairi, hata likiwa la mishororo mia. Kufunga mishororo kwa vina vya mwisho si sharti. Kinachofanya kazi ya vina huko ni takriri ya sauti za mwanzo, na mshairi anayeipoteza huonekana limbukeni kama vile malenga wa Lamu atakavyoonekana akipoteza kina.

Yumkini mtu atasema kwamba somo ni la Kiswahili, kwa hiyo kanuni za Kiswahili ndizo zitawale. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Ikiwa zoezi lilimtaka mwanafunzi atunge tarbia yenye vina, basi hakutunga, na alama za umbo zipungue. Haki haitendeki kwa kumdanganya mtoto kwamba amefanya asichokifanya, kisha mtihani wa kitaifa uje umwadhibu. Lakini ikiwa zoezi lilisema tu "tunga shairi kutokana na safari ya Kongowea," mwalimu hana msingi wa kumhukumu kwa sharti ambalo hakulitaja. Isitoshe, mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko ulikwishaupa ushairi huru nafasi katika silabasi. Itakuwa ajabu tukubali shairi lisilofuata arudhi yoyote, halafu tulikatae linalofuata arudhi kali kwa kuwa tu si yetu.

Hijai: kosa moja lihesabiwe mara ngapi?

Kisomali hakina sauti "p," "v" wala "z." Matokeo yake huonekana daftarini: polisi huwa "bolisi," pesa huwa "besa," vitabu huwa "fitabu," zamani huwa "samani," na hapo maana nayo inabadilika. Ni lazima makosa haya yasahihishwe. Hata hivyo, mwalimu anayepunguza alama kila "b" inapochukua nafasi ya "p" ameliadhibu kosa moja mara ishirini, na mwisho wa ukurasa ameusahau ubunifu aliotakiwa kuupima.

Kwa mintarafu hii ninapendekeza kazi ya alama 20 igawanywe hivi: ufahamu na ufasiri wa riwaya 8, ubunifu 6, lugha 4, na utetezi wa mdomo 2. Kosa linalojirudia lihesabiwe mara moja, ndani ya zile nne pekee. Alama za utetezi ni chache, ila kazi yake ni kubwa. Dakika tatu za kumuuliza mwanafunzi "kwa nini abtirsi yako iligeukia kwa mama?" zinatosha kumtenga aliyebuni na aliyenakili.

Mgao ulio wazi kama huu una faida nyingine mahali pale. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe Januari 2020, Tume ya Huduma kwa Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Shule zikabaki na mapengo, na si ajabu fasihi kufundishwa na mtu aliyesomea historia au dini. Huyo hahitaji nadharia ya uhakiki. Anahitaji kujua alama inatoka wapi.

Kuhusu vifaa, nitasema machache. Kadi za rangi na gundi zisipewe alama, maana hizo hupima mfuko wa mzazi. Asiyependa kuchora sura za watu kwa sababu ya dini achore ramani ya kutoka Tanga hadi Kitale. Binti asiyetaka kuiga taarabu ya Zainabu jukwaani anaweza kumtungia buraanbur, utanzu ambao ni milki ya wanawake wa Kisomali, na kuughani kwa Kiswahili mbele ya wenzake.

Linabaki suala la wasio Wasomali. Darasa la Garissa lina watoto wa Wamalakote na Waorma wa kandokando ya Tana, na wa watumishi wa serikali na wafanyabiashara waliotoka sehemu nyingine za nchi. Mwalimu aliyevutiwa na gabay akianza kuitarajia kwa kila mmoja, atakuwa amekihamisha tu kipimo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mmalakote akileta tarbia yenye vina na mizani kamili, isahihishwe kama tarbia. Akileta wimbo wa wavuvi wa mtoni aliomvika Kongowea, aulizwe, kama mwenzake wa abtirsi alivyoulizwa, ni jambo gani katika riwaya lililomfanya auchague.