Dondoo muhimu: Tunutu wa kuvulia trauti

Vifaa vingi vya kutengeneza chambo hiki bandia vimo hapa Eastlands, Nairobi. Waya mwembamba wa shaba utaupata kwa fundi wa kusuka mota, manyoya ya kahawia kwa wachinja kuku sokoni. Bana ndoana namba 14 kwenye jiliwa, izungushie waya iwe nzito, kisha viringisha unyoya kutoka mkiani hadi kifuani. Usijaze! Mwili mwembamba huzama upesi, na trauti hula zaidi chini kuliko juu. Funga fundo, paka vanishi ya kucha.

Ukifika mto Gura au Thiba, uwe na leseni ya uvuvi. Rusha kuelekea mto unakotoka, tunutu ashuke na maji karibu na changarawe. Tazama uzi, ukisita hata kidogo, inua fimbo papo hapo. Trauti hutema haraka.