Feni na pampu za umeme katika kupoza injini ya gari

Injini ya petroli hugeuza kuwa mwendo takriban theluthi moja tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta. Nyingi ya iliyobaki ni joto. Sehemu yake hutoka na moshi, na sehemu nyingine hubebwa na maji yanayozunguka ndani ya injini hadi kwenye rejeta, yakapozwe na upepo. Pampu husukuma maji na feni huvuta upepo. Kwenye magari mengi ya zamani vyote viwili huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, na udhaifu wake ni huo huo: gari likikwama kwenye foleni, injini ikizunguka mara 700 au 800 tu kwa dakika, feni nayo hujikokota wakati upepo wa barabarani haupo kabisa. Gari likishika kilomita 80 kwa saa, upepo unaoingia mbele unatosha, lakini feni inaendelea kula nguvu ya injini bure.

Feni ya umeme hufanya kazi joto linapoihitaji, si injini inapokwenda mbio. Magari madogo kama Vitz na Passo hutoka kiwandani nayo kwa sababu injini zao zimekaa kwa upana, na mkanda wake hauelekei rejeta. Wanaofikiria kubadilisha ni wenye magari ambayo injini imekaa kwa urefu. Kwa saluni inayozunguka mjini mabadiliko hayo yana maana. Kwa Land Cruiser ya dizeli inayopanda Mlima Kitonga na mzigo, hayafai: huko gari linakwenda polepole huku injini ikizunguka kwa kasi, na feni kubwa ya mkanda hupitisha upepo mwingi kuliko feni nyingi za volti 12. Gari la namna hiyo liachwe kama lilivyoundwa.

Kabla ya kununua chochote, chanzo cha kuchemsha kitafutwe. Rejeta iliyoziba, themostati iliyokwama na gasketi ya silinda hedi iliyoungua haviponi kwa kuongezewa feni. Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kuliko vyote, na hasa kwenye miji ya nyanda za juu ni kosa kubwa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka huko kwenye nyuzi 94 au 95. Kifuniko kizima cha baa 0.9 hukisukuma kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115. Mpira wake ukichoka, maji yanaweza kuchemka kabla swichi ya joto iliyowekwa kwenye nyuzi 95 haijawasha feni, na fundi akailaumu feni isiyo na kosa.

Feni ya kuvuta, inayokaa kati ya rejeta na injini, ni bora kuliko ya kusukuma inayokaa mbele na kuuzibia njia upepo wa barabarani. Iwe na kava linalofunika uso mzima wa rejeta. Bila kava, feni hupoza duara lake tu na pembe zote hubaki na joto. Isifungwe kwa vile vijiti vya plastiki vinavyopenyezwa kati ya mapezi ya rejeta, kwani mtikisiko huyakata na kutoboa mirija. Itengenezewe vyuma vya kushikia vinavyofungwa kwenye bodi.

Umeme ndio mahali kazi nyingi huharibikia. Feni ya kawaida hula ampea 10 hadi 20, kubwa hufika 30, na inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Mkondo huo usipitishwe kwenye swichi ya dashibodi, utaiyeyusha. Hutumika rilei ya pini nne: pini 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe, pini 87 huupeleka kwenye feni, pini 86 hupata umeme wa swichi ya gari, na pini 85 huenda kwenye swichi ya joto, ambayo huiunganisha na bodi maji yakifika kiwango chake. Kwa feni ya ampea 20, waya wa milimita 4 za mraba na fyuzi ya 30 vinafaa. Waya wa hasi uwe mnene vilevile, na mahali unapofungwa pakwanguliwe rangi hadi chuma kionekane.

Kazi ikikamilika, karatasi nyepesi huwekwa mbele ya rejeta wakati feni inazunguka. Ikivutwa na kuganda kwenye mapezi, mwelekeo ni sahihi. Ikipeperuka, nyaya za feni zimegeuzwa. Kisha volti hupimwa kwenye soketi ya feni na kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya mwembamba au hasi mbovu.

Pampu ya umeme ni hatua kubwa zaidi. BMW iliiweka kwenye injini yake ya N52 mwaka 2004, na Prius ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2009, iliondoa kabisa mkanda wa injini. Faida yake huonekana hasa injini inapozimwa: maji ya pampu ya mkanda husimama papo hapo huku chuma cha silinda hedi kikiwa bado cha moto, lakini ya umeme inaweza kuendelea kuyazungusha kwa dakika mbili tatu.

Pampu za kuongezwa hufungwa kwenye mpira wa chini wa rejeta, mahali pa chini kuliko usawa wa maji, kwa kuwa haziwezi kuvuta hewa. Mapanga ya pampu ya zamani hutolewa yasizuie njia. Themostati pia hutolewa, lakini pale tu panapofungwa kidhibiti kinachopunguza kasi ya pampu injini ikiwa baridi. Bila hicho injini haipati joto lake, hula mafuta na kuchakaa mapema. Baada ya kujaza, pampu huwashwa injini ikiwa imezimwa na kifuniko kikiwa wazi, hadi mapovu yaishe.

Pampu ya mkanda ikikaribia kufa hupiga kelele au huvuja. Ya umeme inaweza kuzima ghafla bila dalili yoyote, kwa hiyo taa ya onyo kwenye dashibodi, inayowaka joto likizidi nyuzi 105 hivi, hufungwa siku ile ile pampu inapofungwa.