Dondoo muhimu: Je, ofisi hii ya Uvira inaingilika?

Chukua futi ya fundi, uende na mtu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu. Yeye ndiye mkaguzi; wewe andika tu. Anzeni barabarani, si mlangoni: katika mji uliopigwa na mafuriko ya Aprili 2020, mtaro usio na kivuko humkwamisha mtu kabla hajaiona ngazi. Kizingiti kilichoinuliwa kuzuia maji si kosa, ila kinadai mteremko: kimo cha sentimita 15 kinataka urefu wa mita 1.8. Mlango ukifunguka, upana usipungue sentimita 80. Choo msikiruke, na muulize ufunguo anao nani. Wenye ofisi wakihoji mnatafuta nini, itajeni sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu.