Kufufua fanya juu iliyochoka: anza juu, si penye tundu

Ukipanda Mbooni, Makueni, kutoka Tawa hadi Kikima mwezi wa Agosti, mashamba yakiwa wazi, matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu kuwa ukingo, yanaonekana mlima mzima. Mengi tuliyakuta yamekwisha chimbwa. Mengi pia yamechoka: kingo zimebomoka, mitaro imejaa udongo, nyasi zimekufa hapa na pale. Kila msimu mtu huona tundu, akaliziba kwa koleo chache za udongo, na mvua ya Novemba ikalizibua tena.

Tuta la chini huvunjika kwa sababu ya maji yaliyoruka tuta la juu yake, au yaliyomwagwa shambani na barabara. Kwa hiyo kabla ya kushika jembe, vaa gambuti uingie shambani mvua ikinyesha. Chomeka kijiti kila mahali maji yanapopita juu ya ukingo. Kazi yako itafuata vijiti hivyo kuanzia cha juu kabisa. Kama maji yanatoka barabarani, chimba kwanza mtaro wa kuyakinga na uhakikishe una pa kuyatoa pasipo shamba la jirani, la sivyo umehamisha ugomvi tu.

Kisha pima. Tuta la zamani huwa limelegea mahali fulani, maji yakakusanyika hapo. Funga miti miwili ya mita mbili hivi iungane juu, weka wa tatu katikati uwe kama herufi A, na uning'inize jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati. Geuza, miguu ibadilishane vigingi, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Tembea na kipimo hicho kando ya tuta lote uone palipolegea.

Udongo uliojaa mtaroni ni ule mzuri ulioshuka kutoka juu. Utupe juu ya ukingo. Kuutupa chini ni rahisi kwa mgongo, lakini utakuwa umelisha mto. Mtaro urudi kwenye kina na upana wa sentimita 60 hivi, na kati yake na ukingo uache hatua ndogo ya sentimita 15 hadi 30 ili udongo usirudi ndani. Penye tundu, usimwage udongo mkavu ukaondoka. Chonga pande za tundu kama ngazi, jaza kidogo, kanyaga, jaza tena. Ukiona fuko amepita, fukua njia yake yote kwanza.

Sehemu ngumu kuliko zote haihitaji koleo: ni kupatana na watu. Mkoloni alilazimisha watu kuchimba matuta, nao wakayachukia. Fanya juu ilishika kuanzia miaka ya 1950 kwa kuwa mkulima aliona faida yake, na mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, ukafanya kazi iende haraka. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, walionyesha kwamba watu wa Machakos ya zamani, Makueni ikiwemo, waliongezeka kutoka karibu 240,000 miaka ya 1930 hadi kama milioni 1.4 mwaka 1989, ilhali mmomonyoko ulipungua. Mbooni ni mojawapo ya maeneo waliyoyachunguza. Lakini watu wakiongezeka, shamba hugawanywa, na mara nyingi hukatwa kutoka kileleni hadi bondeni, kila ndugu na ukanda wake. Tuta moja sasa lina wenyewe watatu, mmoja wao yuko Nairobi. Mpigie simu mapema. Asipoweza kuja kuchimba, alipie kibarua wa siku chache. Kipande chake kikiachwa, maji yatapitia hapo hapo.

Nyasi zipandwe mvua ikishatulia ardhini, mistari miwili kwa kupishana juu ya ukingo. Huku juu kwenye baridi, nepia inafaa na ng'ombe anaipenda. Kuteremka Kalawa, makarikari huvumilia ukame zaidi. Zikate nyasi kabla hazijarefuka na kunyima mahindi mwanga, wala usilishe mifugo juu ya tuta msimu wa kwanza. Mtaroni panda ndizi au mpapai, na karibu na ukingo mpya weka samadi, maana udongo wa chini uliofukuliwa hauna nguvu. Bila samadi mahindi ya mstari huo yatakuwa ya manjano.