Kuchoka na Kusinzia Mchana: Si Uvivu, Tafuta Sababu

Leo tujifunze juu ya tatizo ambalo wengi hawalileti hospitali kwa sababu wanaona haya kulitaja. Ni tatizo la kuchoka na kusinzia mchana, siku baada ya siku, hata kama mtu amelala usiku kucha. Mwenye homa huhurumiwa na mwenye jeraha huonekana, lakini anayesinzia huitwa mvivu, mlevi au aliyerogwa.

DEREVA ALIYERUDI MARA TATU

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwetu baba mmoja wa miaka 52, dereva wa lori. Alisema amechoka tu. Tulimpima malaria, haikuonekana. Tukampa vidonge vya vitamini, tukamwambia apumzike. Baada ya wiki tatu alirudi. Tulipima wingi wa damu na sukari, vyote vikawa vizuri. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Baba, huna ugonjwa." Akainuka kimya, akatoka.

Mara ya tatu aliletwa akiwa na majeraha. Alisinzia kwenye usukani mchana kweupe, lori likaacha barabara na kuingia shambani. Ashukuriwe Mungu, hakuna aliyekufa. Nilipokuwa namsafisha kidonda mkewe akasema, "Sista, huyu usiku anakoroma kama mashine ya kusaga, halafu ananyamaza kabisa, hapumui. Namtikisa. Anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama, kisha anaanza tena."

Mara zote mbili za kwanza mama huyo alikuwa ameketi nje kwenye benchi. Jibu lilikuwa pale pale nje, nami sikutoka kuliuliza. Tangu siku ile nimejifunza kwamba kutokuwa na malaria si sawa na kutokuwa na ugonjwa. Kipimo kisipoonyesha kitu, bado tuna kazi ya kutafuta.

KUCHOKA NA KUSINZIA SI KITU KIMOJA

Kwanza jiulize: je, nimeishiwa nguvu, au nina usingizi? Aliyeishiwa nguvu hujilaza, lakini pengine usingizi hauji. Miguu ni mizito, moyo unakwenda mbio akipanda kilima kidogo. Mwenye usingizi hulala bila kupenda: akisoma, akiwa abiria kwenye basi, akiketi kimya baada ya chakula cha mchana, hata akizungumza na mtu. Mwaka 1991 daktari Murray Johns wa Australia alitunga maswali 8 ya namna hii, na mgonjwa hujipa alama 0 hadi 3 kwa kila swali. Anayepata zaidi ya 10 ana usingizi uliopita kiasi, na yafaa achunguzwe.

SABABU ZINAZOONEKANA MARA NYINGI

1. Kulala saa chache. Mtu mzima anahitaji walau saa 7, kijana wa sekondari saa 8 hadi 10. Mtoto anayeamka saa kumi alfajiri kuteka maji na kulala saa tano usiku atasinzia darasani. Huyo hahitaji viboko, anahitaji kulala.

2. Upungufu wa damu. Viganja na ndani ya kope huwa vyeupe, pumzi hukatika upesi. Mwanamke asiye mjamzito akiwa na himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita, au mwanaume chini ya 13, ana upungufu. Lakini usiridhike na vidonge vya kuongeza damu tu. Uliza: damu imekwenda wapi? Huenda ni safura wanaonyonya damu tumboni, malaria ya mara kwa mara, vidonda vya tumbo, au hedhi nzito inayotokana na uvimbe wa kizazi. Kina mama wengi huficha jambo hili la hedhi. Litaje.

Vidonge vya madini ya chuma huendelea kutumika kwa miezi kadhaa hata baada ya nguvu kurudi, ili akiba ya mwili ijae. Visimezwe pamoja na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Chungwa au limau husaidia. Choo kuwa cheusi wakati wa kutumia vidonge hivyo si ajabu. Vifungieni mbali na watoto, kwani mtoto akivimeza vingi vinaweza kumwua.

3. Kukoroma na kukatika pumzi. Koo hulegea usingizini na kuziba njia ya hewa. Mwili hukosa hewa, mtu hushtuka, na jambo hilo hurudiwa mara nyingi usiku kucha bila yeye kukumbuka. Asubuhi huamka na kichwa kinauma na mdomo umekauka. Mara nyingi shinikizo la damu nalo huwa juu. Unene huongeza hatari, lakini wembamba pia hupata.

4. Magonjwa mengine ya mwili. Kiu na kukojoa sana huonyesha kisukari. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kukonda na jasho la usiku hutaka kipimo cha kifua kikuu na cha VVU. Kuona baridi wakati wengine wanaona joto, kufunga choo na kunenepa bila kula zaidi kunaweza kutokana na tezi ya shingo iliyopunguza kazi. Moyo, figo na ini navyo vikiugua huchosha.

5. Dawa. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, za kifafa na za mishipa ya fahamu huleta usingizi. Usiziache mwenyewe, hasa za kifafa. Zilete zote kwenye mfuko tuzione.

6. Moyo uliolemewa. Sonona huweza kuja ikiwa na sura ya uchovu: mtu hana hamu ya kula, ya kazi, wala ya watu. Ni ugonjwa wenye tiba, na haimaanishi kwamba mtu amepungukiwa imani.

7. Ugonjwa wa usingizi uitwao nakolepsi. Si wa kawaida, na mara nyingi huanza ujanani. Kijana hulala ghafla mchana, na pengine akicheka sana magoti hulegea akaanguka huku akili yake iko macho. Wengi hudhaniwa wana kifafa au mapepo. Hauponi kabisa, lakini dawa na usingizi mfupi uliopangwa humwezesha kusoma na kufanya kazi.

8. Malale. Wanaoishi au kufanya kazi kwenye mapori yenye ndorobo, kama warina asali na wafugaji, waseme hivyo kwa daktari. Homa, kichwa kuuma, kulala mchana na kukesha usiku ni dalili zake. Bila tiba huua.

JIANDAE KABLA YA KWENDA HOSPITALI

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika saa ya kulala, saa ya kuamka, mara ulizosinzia mchana, na ulichokunywa jioni. Andika tatizo lilianza lini na nini kilibadilika wakati ule. Njoo na mtu anayelala chumba kimoja nawe, kwa sababu yeye huona usichokiona. Ukiambiwa vipimo ni vizuri na bado unasinzia, usiondoke kimya kama yule baba. Sema kwa heshima, "Daktari, bado sijapata nafuu. Tuangalie nini kingine?" Ukipewa barua ya rufaa, itumie.

YA KUEPUKA

Usinunue dawa za malaria kila unapochoka bila kupima. Usitumie dawa za usingizi kama unakoroma na kukatika pumzi, wala pombe jioni, maana hulegeza koo zaidi. Ukisinzia usiendeshe gari, pikipiki wala mashine. Kahawa huchelewesha usingizi kidogo tu, haiondoi ugonjwa.

Usisubiri daftari la wiki mbili kama kuna kukosa pumzi ukiwa umekaa, maumivu ya kifua, kuzimia, kuchanganyikiwa, damu nyingi kutoka, au choo cheusi kama lami bila kutumia vidonge vya chuma. Mjamzito aliyepauka naye aje siku hiyo hiyo.

YULE BABA ALIISHIAJE?

Alikwenda hospitali ya rufaa, usingizi wake ukapimwa, ikaonekana anakatika pumzi. Aliacha pombe, akapunguza mwili, akajizoeza kulala ubavu. Jambo lililomwuma zaidi ni kuachia usukani, maana lori ndilo lililosomesha watoto. Tajiri wake alimpa kazi ya gereji. Baadaye ndugu walichanga, akapata mashine ndogo inayosukuma hewa puani usiku, tiba ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Alipochunguzwa tena na kuonekana yuko macho, aliruhusiwa kuendesha. Mkewe aliniambia, "Sista, sasa na mimi ninalala."

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Je, nyumbani kwetu yuko anayeitwa mvivu ambaye hatujawahi kumwuliza analalaje?
2. Nani kati yetu hukoroma na kunyamaza ghafla? Je, amekwisha kuambiwa?
3. Watoto wetu wanalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Ni kazi gani ya alfajiri tunayoweza kuwapunguzia?

Mungu awajalie usingizi mwema na nguvu za mchana. Tuonane toleo lijalo.